Honda ya bwana shamba imepaa na kutua, sisi bado tunaambiwa haituhusu

Jumapili, saa tano usiku, hosteli

Najua nimepotea, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa nyumbani Mwandoya, wiki tatu nzima, nikisaidia pamba, na mtandao kule unaupata ukisimama mahali fulani na kuelekeza simu upande fulani kama unaswali. Nimerudi juzi, vumbi la basi bado limo masikioni. Nilitaka nilale, lakini nina hasira, na hasira zangu nimezoea kuziandika kabla hazijapoa.

Kisa chenyewe hiki. Kabla ya likizo nilipeleka andiko la projekti yangu ya mwaka wa mwisho. Nilitaka kutengeneza chombo kidogo, urefu wake haufiki mita moja, kinachopaa wima, kinasimama hewani sekunde kadhaa, kisha kinatua wima chenyewe bila mtu kushika rimoti. Hakina baruti wala mafuta. Ni feni ya umeme ndani ya bomba, vibawa vinne chini ya feni vya kugeuza upepo, kihisio cha kujua kimeinama upande gani, na kikompyuta kidogo cha kuamua. Juu nakifunga kamba ili kikikosea kisimuumize mtu. Kwa ufupi ni mfano wa kimasikini wa zile roketi zinazorudi na kutua kwa miguu yake. Hesabu za kukisimamisha zinafanana kwa kiasi kikubwa na za roketi kubwa, na ndiyo maana niliipenda.

Andiko likarudi na sentensi moja: kazi hii haina uhusiano na mahitaji ya jamii yetu. Basi. Hakuna swali la hesabu, hakuna swali la gharama, hakuna hata "tueleze zaidi". Nikaenda kukaa kwenye kimbweta na uso umenivimba, jamaa yangu mmoja wa ujenzi akaniongezea chumvi: "Sasa wewe Msukuma wa Mwandoya na roketi wapi na wapi? Kwenu maji yenyewe mnachimba mchangani mtoni." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, maana ni kweli, mtoni tunachimba. Lakini usiku sikulala.

Sasa nisikilizeni.

Siku ya tatu nyumbani nilimkuta baba mdogo amepiga magoti mbele ya pampu yake ya Honda, amefungua kabureta, anapuliza. Nikamwamkia, "Mwangaluka baba," akaitika bila kuinua kichwa. Wote mnaijua Honda. Ndiyo pikipiki aliyokuwa akija nayo bwana shamba tukiwa wadogo, tukisikia mlio wake tunakimbilia barabarani. Nikamwambia: Baba, hao waliotengeneza hiyo pampu yako wamerusha roketi na imerudi ikatua.

Akasimama. Nikamweleza. Tarehe 17 Juni 2025, kule Taiki, kisiwa cha Hokkaido, Japani, Honda walirusha roketi yao ya majaribio yenye urefu wa mita 6.3. Ikapanda mita 271.4 tu, ikashuka, ikatua kwa miguu yake. Safari nzima sekunde 56.6. Ikatua sentimita 37 kutoka pale walipopanga itue. Sentimita 37 wapendwa! Mimi nikiruka kutoka kwenye tela la trekta sitakanyaga ninapopakusudia kwa usahihi huo.

Baba mdogo akafikiri, akauliza swali ambalo kamati nzima ya wasomi haikuniuliza: "Mafuta ya kurudia, waliyabeba tangu wanaondoka?"

Mnaona? Mtu huyu ameshasukuma pikipiki toka Mwanhuzi kwa sababu alipiga hesabu ya kwenda akasahau ya kurudi. Amegusa kiini cha jambo kwa swali moja. Ndiyo, ni lazima ubebe mafuta ya kurudia, na mafuta hayo ni mzigo, kwa hiyo unapunguza ule mzigo uliotaka kuupeleka juu. Kwa miaka mingi wakubwa wa mambo haya walisema hailipi, bora roketi uitupe tu. Ikawa ndiyo kawaida ya dunia. Hebu fikirini lori jipya linakuja Mwandoya, linapakia pamba, linaipeleka kiwandani, likishashusha mzigo linasukumwa ziwani lizame, msimu ujao mnunue jingine. Nauli ya gunia moja ingekuwa shilingi ngapi? Ndivyo dunia ilivyosafirisha vitu kwenda angani kuanzia 1957, ukitoa ile ndege-roketi ya Marekani, shuttle, ambayo nayo tangi lake kubwa lilitupwa kila safari.

Swali lake la pili: "Haikuanguka?"

Hapo ndipo nilipokaa chini kabisa, nikamsimulia mpaka chai ikapoa. Maana jibu la swali hilo ndilo lenye ugomvi wangu na watu wa chuo.

Zilianguka. Zilianguka mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani walikuwa na chombo kinaitwa DC-X, kimetengenezwa na McDonnell Douglas, urefu wa mita kama 12, umbo la pia iliyogeuzwa. Kiliruka mara ya kwanza tarehe 18 Agosti 1993 jangwani New Mexico, kikapaa, kikasogea kando kikiwa kimesimama vilevile, kikashuka. Watu wakashangaa. Juni 1996 wakakirusha mara mbili ndani ya saa 26. Halafu tarehe 31 Julai mwaka uleule kikatua vizuri kabisa, ila mguu mmoja kati ya minne haukufunguka, kikapinduka, tangi likapasuka, kikaungua. Sababu? Kuna bomba dogo la hewa ya kusukumia ule mguu, mtu alisahau kuliunganisha. Basi! Na fedha za kujenga kingine hazikutoka. Mradi ukafa kwa kasoro ambayo fundi wa baiskeli hapa sokoni angeiona akiambiwa akague.

Baadaye wakaja SpaceX. Hawa walianza kwa kurukaruka kama vifaranga. Chombo chao walikiita Grasshopper, yaani panzi, na jina lilikifaa. Septemba 2012 huko McGregor, Texas, kiliruka chini ya mita mbili. Mita mbili! Hapa chuoni ungepeleka ripoti ya mita mbili wangekucheka hadi utoke nje. Oktoba 2013 kikafika mita 744 na kutua. Agosti 2014 kilichofuata kikaharibika angani na kulipuka. Januari 2015 wakajaribu kutua juu ya jahazi baharini na roketi halisi iliyotoka kazini, mafuta ya haidroliki ya kuongozea mapezi yake yakaisha kabla ya kufika, ikagonga jahazi. Aprili ikatua imeinama kwa sababu vali ilichelewa kuitika, ikaanguka ubavu. Tarehe 21 Desemba 2015 ikatua nchi kavu imesimama, kitu kirefu zaidi ya mita 40, kama mnara wa simu unaorudi kutoka mawinguni. Mwezi mmoja kabla, tarehe 23 Novemba, Blue Origin walikuwa wameshatua na roketi yao fupi iliyogusa mpaka wa anga na kurudi, ingawa ile haikuwa inapeleka kitu kwenye mzunguko wa dunia, na kazi hizo mbili hazilingani hata kidogo.

Kwa nini ni kazi ngumu? Chukua fimbo ya kuchungia, isimamishe kwenye kiganja. Tulicheza hivyo wote. Ukitulia inaanguka, lazima mkono ucheze kuifuata. Injini ya roketi ndiyo huo mkono, inageuza mdomo wake kidogo huku, kidogo kule. Sasa ongeza hili: ile Falcon 9 ikirudi imebaki tupu, nyepesi, na hata injini moja ikipunguzwa hadi mwisho bado ina nguvu kuliko uzito wake. Maana yake haiwezi kusimama hewani ikajipanga. Lazima mwendo wake ufike sifuri pale miguu inapogusa chini. Ukichelewa umegonga, ukiwahi unaanza kupanda tena. Hesabu ya namna hiyo huipati kwa kusoma tu, unaipata kwa kuangusha, kuokota vipande, kusoma kumbukumbu za vihisio, na kuangusha tena.

Baba mdogo akasema, "Kumbe ni kama kumfundisha ndama kulima." Akarudi kwenye kabureta yake.

Sasa nawageukia ninyi mnaosema haituhusu. Haituhusu kivipi?

Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipeleka angani satelaiti yake ya Taifa-1, ya kuangalia mazao, misitu, ukame na mafuriko. Gharama iliyotajwa ilikuwa shilingi milioni 50 za Kenya. Ilipandaje? Kwenye Falcon 9, kutoka California, imebanana na mizigo ya watu wengine kama abiria wa daladala, na sehemu ya chini ya roketi hiyo ilikuwa imesharuka na kurudi kabla, na siku ile ikarudi tena ikatua. Bila ule upuuzi wa panzi wa mita mbili, nauli ya namna hiyo ingetoka wapi? Mtu anayesema kutua kwa roketi si mahitaji ya jamii yetu aje Meatu, akae na wakulima mwezi ambao mvua imegoma, halafu awaambie kwamba kuona ukame unakuja ni anasa.

Na tusijidanganye na ikweta. Kuna watu wakisikia habari za anga wanajifariji, eti Mungu ametupa ikweta, siku moja watakuja kutupigia magoti. Walishakuja! Wataliano waliweka majukwaa yao ya San Marco baharini karibu na Malindi, na kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988 wakarusha satelaiti 9 kwa roketi za Kimarekani za Scout. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru, ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kutazama nyota kwa miale ya eksirei. Jina zuri la Kiswahili, kila mtaalamu wa nyota analijua. Lakini roketi hazikuwa zetu, na kila moja ilikuwa ya kutupa, vipande vyake vikizama Bahari ya Hindi. Tulikuwa wenye nyumba. Na mwenye nyumba hajifunzi ufundi wa mpangaji kwa kupokea kodi tu. Leo roketi zinatua California, na kwa satelaiti kama Taifa-1 inayopita juu ya ncha za dunia ikweta haikuongezei chochote. Nchi yenye ikweta imekata tiketi kwenda kupandia mbali na ikweta. Nacheka lakini inauma.

Tena wenzetu Wakongo wameyaona kabla yetu. Kule Shaba, yaani Katanga, kampuni ya Wajerumani ya OTRAG ilipewa na Mobutu eneo kubwa mno, ikaanza kurusha roketi za bei rahisi mwaka 1977. Juni 1978 Mobutu mwenyewe akaja kutazama, roketi ikapinda ikaanguka mbele ya macho yake. Mwaka uliofuata wakatolewa, na sababu kubwa ilikuwa shinikizo la mataifa ya nje, si kule kuanguka. Wakafunga mizigo wakahamia Libya. Nami hujiuliza, kati ya vijana waliokuwa wakisomba vyuma pale, wangapi walionyeshwa kwa nini ile roketi ilipinda?

Halafu kuna upande mwingine ambao haucheki. Tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kutoka angani. Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi, pete ya kutenganishia. Haikuua mtu, tumshukuru Mungu. Kilo 500! Kingeangukia boma la mtu Mwandoya tungeambiwa tena kwamba roketi si mahitaji ya jamii yetu? Wenye roketi wasiporudisha vyuma vyao kwa utaratibu, vyuma vinarudi vyenyewe, na havichagui shamba la nani. Siyo kwamba kutua wima kunamaliza tatizo hili, maana hata Falcon 9 sehemu yake ya juu haitui na kutumika tena. Ila ndiyo njia yenyewe, na anayeijua ndiye atakayekaa mezani wakati wa kudai fidia. Asiyeijua atapiga picha tu akiwa ameshika kiuno.

Najua jibu lenu, nimelisikia mpaka limenichosha: zahanati hazina dawa, watoto wanakaa chini, wewe unataka feni ya kuruka. Nakubali zahanati hazina dawa, yetu naijua kuliko mnavyoijua. Lakini angalieni 2018, hapa hapa Kanda ya Ziwa, Wajerumani wa Wingcopter na DHL walirusha ndege isiyo na rubani kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60, kwa dakika kama 40, imebeba dawa. Na ndege hiyo inapaa wima na kutua wima, haihitaji kiwanja! Kwa hiyo kutua wima ndiyo hiyo dawa mnayosema haipo. Walikuja kujaribia kwetu, juu ya ziwa letu, kwa sababu kwetu kuna shida ya kweli ya kujaribia. Sisi tulipiga makofi ufukweni.

Wala sisemi tujenge kituo cha roketi Mwandoya, msije mkanizushia. Wala simwabudu tajiri yeyote wa Marekani, na kwamba sehemu kubwa ya nauli ya kwenda angani imeshikwa na kampuni moja ni jambo la kuogopesha, hata Wachina wanahangaika kulikimbiza. Desemba 2025 roketi yao ya Zhuque-3 ilifika kwenye mzunguko ikiwa safari yake ya kwanza, ila sehemu iliyotakiwa kurudi ikaungua na kuanguka karibu kabisa na pa kutulia. Hawakusema haina uhusiano na jamii yao.

Ninachodai ni kidogo mno. Mwanafunzi aruhusiwe kuangusha kitu chake mwenyewe, cha kilo mbili, kilichofungwa kamba, uwanjani, akiwa amevaa kofia ngumu, halafu aandike kwa nini kimeanguka, na alama atolewe kwa kile alichoandika. Wenzetu wa Jomo Kenyatta pale Juja wana mradi wao wa Nakuja, wanafunzi wanarusha roketi ndogo na kuzishusha kwa parachuti. Juja si mbinguni. Sisi projekti inayopita ni ile ambayo haiwezi kushindwa, yaani ile iliyokwisha kufanywa na waliotangulia, unabadilisha jalada na mwaka. Mnajua ninachosema. Kuna projekti humu zimerudiwa mpaka zina wajukuu.

Na hiyo ya "wewe wa Mwandoya" ndiyo imenichoma zaidi, tuseme ukweli. Maana imesemwa na mtoto wa mkulima kama mimi. Tumefundishwa kwamba mtu wa vumbi projekti yake iwe ya vumbi: kisima, jiko banifu, mashine ya kukamua alizeti. Vitu vizuri vyote, na mama angefurahia jiko. Ila aliyeamua kwamba Mjapani wa Honda anaweza kutengeneza pampu na roketi kwa pamoja, na mimi niishie kupuliza kabureta ya hiyo pampu, ni nani? Simjui, lakini sentensi yake naiona kwenye andiko langu kwa wino mwekundu.

Kesho Jumatatu nalirudisha. Sijabadilisha chombo, nimebadilisha ukurasa wa kwanza tu, nimeweka Taifa-1, Mukuku na Ukerewe, na gharama nimezipunguza. Feni, betri na kihisio naweza kuvinunua kwa bumu nikila mlo mmoja kwa siku mwezi mzima, na baba mdogo kanipa elfu hamsini ya pamba. Kanipa kwa sharti. Akasema, "Ikianguka unipigie siku hiyohiyo, uniambie ilianguka upande gani."

Kama kuna mdau mwenye injini ndogo ya feni ya ndege za kuchezea, iliyotumika, aniambie bei. Maji yamekatika tena hosteli, naenda kutafuta ndoo kabla hawajafunga geti.